Reli pekee haileti mapenzi

Ndugu, unasema Uchina ikishatujengea barabara na reli, utamaduni wake utafuata wenyewe. Sikubaliani. SGR, reli mpya waliyotujengea, ilifika Naivasha mwaka 2019, lakini hapa Nakuru bado sijamsikia mtu akiimba wimbo wa Kichina. Kinachofanya kazi ni shule. Taasisi ya Confucius, kituo cha Uchina cha kufundisha Kichina na utamaduni wake, ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na hapa Njoro Chuo Kikuu cha Egerton wana yao, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing. Kijana hujifunza lugha akitafuta ufadhili wa masomo au kazi. Mapenzi huja baadaye, yakija.

Korea Kusini haikutujengea reli. Baada ya msukosuko wa fedha wa 1997, serikali yake iliuona utamaduni kama bidhaa ya kuuza nje, ikatunga sheria ya kuukuza mwaka 1999. Kazi yenyewe wakaifanya wasanii na kampuni zao. Leo mabinti wa mtaani kwetu wanakesha na tamthilia za Kikorea bila kusukumwa na mtu. Nguvu hiyo naiona nzito zaidi. Natamani sana muziki wetu wa benga wa Nyanza nao upate serikali inayouthamini hivyo.