Maji ya rangi ya chai: kwa mnaoanza kazi maabara ya maji Tabora

Wadogo zangu mliopangiwa huku, mvua za Novemba zikishaanza mtaona maji ya bwawa yakigeuka rangi ya strungi. Mtayachuja na rangi itabaki palepale. Hilo si tope. Ni majani na magome ya miombo yaliyooza, yakaacha asidi za humiki na fulviki zilizoyeyuka majini. Wenzenu wa Kigoma mjini, wenye Ziwa Tanganyika, tabu hii hawaijui sana, ila wakishuka kwenye mafunjo ya Malagarasi wataikuta.

Rangi peke yake haitishi. Balaa linakuja na klorini, maana ikikutana na asidi hizo huzaa trihalomethani, kemikali zinazoshukiwa kuleta saratani, kama mkemia Johannes Rook alivyoonyesha Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1974. Na klorini yenyewe inaliwa njiani, nyumba za mwisho wa bomba zinapata maji yasiyo na kinga.

Shabu, dawa tunayotia ili uchafu ugandamane na kuzama, hukamata molekuli kubwa vizuri, nyingi ndogo huiponyoka. Hapo ndipo resini ya anioni, yaani punje ndogo za plastiki zinazobadilishana chembe zenye chaji hasi, inapofaa. Asidi hizi zina chaji hasi, na punje za resini zimeshika kloridi. Punje inaachia kloridi, inashika asidi. Ikijaa, unaiosha kwa maji ya chumvi ya asilimia 10 hivi, kloridi inarudi mahali pake. Chumvi haitusumbui, Uvinza inakotengenezwa chumvi si mbali, lakini iyeyushe, iache itulie, uichuje kwanza.

Sasa kosa langu. Nilijaza resini kwenye bomba dogo la kioo, nikapitisha maji yaliyokwisha kutiwa shabu, nikidhani naisaidia. Ilichoka mapema mno. Nilibadilisha resini, nikalaumu muuzaji, nikalaumu hata maji ya kusuuzia. Kumbe shabu ya mtamboni ni alumini salfeti: ukitia miligramu 40 kwa lita, unaongeza karibu miligramu 19 za salfeti, nayo inagombea viti vilevile kwenye punje. Nilipopitisha maji ghafi yaliyochujwa kwa mchanga tu, resini ilidumu zaidi. Kwa hiyo pimeni salfeti kabla ya kumlaumu mtu.

Kwenye kupima asidi hizo majini, tunatumia mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, ambao asidi hizo huumeza. Chuja sampuli kwa kichujio cha maikromita 0.45, na kichujio chenyewe kisuuzwe kwanza kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), kwa sababu kipya hutoa kaboni yake. Kikombe cha kupimia kiwe cha kwatzi. Kijana mmoja alitumia cha kioo cha kawaida, siku nzima kila sampuli ikaonekana chafu sana, hata maji yaliyotoneshwa! Kioo humeza mwanga huo.

Resini isikauke, wala hewa isiingie katikati ya punje. Maji yatatafuta njia ya mkato na utapata majibu ya uongo.

Maji ya chumvi yaliyooshea resini hutoka meusi kama kahawa. Sisi tuliyamwaga chini ya mwembe wa ofisini, na baada ya miezi michache majani yake yalianza kukauka kingoni. Siku hizi tunayakusanya kwenye pipa na kuyatumia tena mara kadhaa. Pipa limeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa sababu mhudumu wa usafi aliwahi kupigia deki.