Uliza Ujibiwe: Mpima masikio wa kweli utamjuaje?

Swali: Shikamooni wahariri. Mama yangu ana miaka 71, siku hizi hasikii vizuri. Jirani katuletea kijana mwenye begi anayejiita daktari wa masikio. Alimvalisha mama kifaa, akapiga makofi nyuma yake, mama akageuka. Akasema kimekubali, tulipe laki mbili na nusu. Je, ni mtaalamu kweli?
*Msomaji, Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga*

Jibu: Marahaba. Pesa yako iweke kwanza. Makofi hayapimi kitu, hata mzee aliyepungukiwa sana anaweza kuyasikia. Wazee wengi hupoteza kwanza sauti nyembamba kama s, t na f, irabu zikabaki. Saa, taa na paa, kwa mama yako zote huenda ni "aa". Kifaa kinachokuza kila sauti sawasawa kitamwongezea ile "aa" asiyokuwa na shida nayo, pamoja na honi za bodaboda.

Audiolojisti, yaani mtaalamu wa kupima usikivu, huanza kwa kuchungulia ndani ya sikio kwa otoskopu, maana nta iliyoziba nayo hupunguza usikivu, na hiyo huondolewa tu. Kisha humkalisha mama mahali pa kimya, humvalisha hedifoni na kumpigia milio, sikio moja moja, kuanzia mlio mnene wa hezi 250 hadi mwembamba wa hezi 8000, akitafuta mlio mdogo kabisa anaoweza kuusikia. Halafu huweka kitetemeshi kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mama akisikia vizuri kwa mfupa na vibaya kwa hedifoni, basi sikio la ndani ni zima, sauti inakwama njiani: nta, majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, au ngoma iliyotoboka. Huyo ni wa daktari wa masikio, pua na koo kabla hamjanunua chochote.

Majibu huchorwa kwenye audiogramu, yaani mchoro wa usikivu: O nyekundu ni sikio la kulia, X ya bluu la kushoto. Dai nakala yako. Shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, hurekebishwa kwa kompyuta kwa kufuata karatasi hiyo, na asiyekuwa nayo anabahatisha.

Kuhusu leseni: Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi (wataalamu wa tiba wasio madaktari), na msimamizi ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwombe kijana jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, namba ya usajili na leseni ambayo haijaisha muda, kisha uliza Barazani mwenyewe. Picha ya cheti kwenye simu si ushahidi. Kibali cha kliniki nacho si leseni ya mtu aliyekaa ndani yake. Na usitishwe na jina la kazi: hata Uingereza, baraza la HCPC linalosajili wataalamu wa afya linalinda (asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita hivyo) cheo cha mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha na cha mtoa vifaa vya usikivu, lakini neno "audiolojisti" peke yake halimo.

Swali: Mwanangu ana miaka 3, anasema "mama" na "maji" tu. Bibi yake anataka akatwe uzi wa chini ya ulimi. Wengine wanasema tumemchanganya kwa Kidigo na Kiswahili.
*Mama wa Pongwe*

Jibu: Pole, dada. Kwa heshima zote kwa bibi, uzi mfupi unaweza kuharibu matamshi ya baadhi ya sauti, lakini haumnyimi mtoto maneno. Kidigo endeleeni nacho, lugha mbili hazicheleweshi usemi. Mtoto wa miaka 3 hutarajiwa kuunga maneno matatu hivi, kwa hiyo msisubiri "ataongea tu".

Kipimo cha masikio kitangulie hata kama anageuka akiitwa. Umri huu hupimwa kwa mchezo: kila akisikia mlio anatia shanga bakulini. Anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, na kipimo kisipopatikana ombeni rufaa. Baada ya hapo ndipo mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha apime anaelewa nini, anachezaje na anatamkaje.

Nyumbani, mpe kuchagua: "Chai au uji?" Inua vikombe vyote viwili, kisha nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kungoja ndiko kunakowashinda watu wazima. Akisema "maji", mwongezee: "maji baridi". Usimlazimishe kurudia.

Swali: Shimesikio langu linapiga mluzi na betri haidumu.
*Msomaji, Chumbageni*

Jibu: Mluzi ni sauti inayovuja na kurudi kwenye maikrofoni. Kipachike upya, safisha nta, na kipira kinachoingia sikioni kikilegea, kachukuliwe kipimo kingine cha kipira. Betri za zinki huanza kazi hewa ikiingia: bandua karatasi, ngoja dakika moja, ndipo uitie. Ukizibandua mbili kwa pamoja, ya pili inaisha ikiwa mezani. Kwa unyevu wa pwani yetu, usiku acha mlango wa betri wazi na ukilaze kifaa kwenye kopo lenye vijipakiti vya kukausha.