Mgahawa wa Kijamaika wa familia: anzeni na mizani

Mkuu, umesema mama mkwe wako, Mjamaika, amewapikia watu wa kanisa Brooklyn, New York, kwa miaka, sasa familia inataka mgahawa na hamjui muanzie wapi. Anzeni na mizani, fremu baadaye.

Mama anapika kwa mkono na pua. Siku akiumwa, ladha inabadilika na wateja wanaijua. Msimkatize kumuuliza "kiasi gani?", maana akianza kuhesabu anapoteza mkono wake. Pimeni kila kopo la kiungo kabla hajaanza, pimeni tena akimaliza. Kilichopungua ndicho kipimo chake. Rudieni mara nne, mchukue wastani.

Halafu mkia wa ng'ombe, sahani ambayo wateja wataijia na ndiyo itakayowala mtaji. Msipige hesabu kwa uzito wa buchani. Tuseme kilo 10 ni dola 200. Mkitoa mafuta, mkapika, zikatoka sahani 22, kila sahani imekula dola 9 za nyama peke yake. Wali, kabichi na kontena bado. Mkiiuza dola 18, nusu imeshaondoka. Wekeni sahani ndogo na kubwa, na kuku abebe faida. Na angalieni upakuaji: mkia ni mnene shinani, mwembamba nchani. Kila sahani ipate kipande kikubwa kimoja, vya kati viwili, kidogo kimoja. Mkipakua ovyo, wa mwisho anapewa mifupa, na hatarudi.

Maharage meupe ya kopo yaingie kwenye mchuzi wa mkia dakika 20 za mwisho, yakiwahi yanakuwa uji.

Wali wa Kijamaika wa maharage na tui la nazi hautakushangaza, ila wana thaimu (majani ya kiungo), punje za pimento (allspice) na pilipili ya Scotch bonnet, ndugu wa pilipili mbuzi, inayowekwa nzima. Ikipasuka, sufuria yote imeharibika, kwa hiyo itoeni kabla ya kukoroga. Tumieni mchele wa parboiled (uliochemshwa kidogo kabla ya kukobolewa), vikombe 2 vya maji na tui kwa kimoja cha mchele. Basmati inavunjika ikikaa masaa kwenye meza ya moto. Maharage mekundu makavu yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwelikweli dakika 10 au zaidi. Yakipikwa kwa moto mdogo tu, sumu yake inabaki na watu wataharisha.

Mchuzi uliobaki msiuache sufuriani upoe wenyewe. Sheria ya New York: kutoka nyuzi 60 za Selsiasi hadi 21 ndani ya masaa 2, kisha hadi 5 ndani ya masaa 4 mengine. Sufuria ya lita 40 haiwezi. Mimineni kwenye trei, kina kisizidi sentimita 5, juu ya barafu. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu, yatoeni.

Fremu: tafuteni iliyokuwa mgahawa, yenye hudi ya moshi (chombo cha kuvuta moshi juu ya jiko) na mfumo wa kuzima moto. Kama mnataka kuku wa jerk (wa viungo na pilipili, wa kuchoma) wa mkaa, ulizeni kuhusu mkaa kabla ya kusaini pango. Na wawili katika familia wachukue cheti cha usalama wa chakula, si mama peke yake: lazima msimamizi mwenye cheti awepo muda wote mnapofanya kazi.