Mkaguzi wa mionzi serikalini: kuna hela au hakuna?

SWALI: Habari za kazi. Nimemaliza digrii ya fizikia na nimeitwa usaili taasisi ya serikali inayodhibiti mionzi, nafasi ya mkaguzi. Sasa wenzangu wananivunja moyo, eti serikalini mshahara hautoshi, bora niende kampuni zinazopiga picha mabomba ya mafuta kwa mionzi huko hela ipo. Wengine wanasema hii fani haina ajira kabisa maana matangazo yenyewe huyaoni. Nifanyeje? – Msomaji wa njia panda

JIBU: Usaili nenda, tena jiandae haswa.

Hilo la matangazo lisikutishe. Ofisi hizi zina watu wachache kwahiyo nafasi hazitoki kila siku, lakini ikitoka inaweza kukaa wazi muda mrefu tu kwa sababu anayeijua kazi hapatikani. Na kazi yenyewe haipungui, hospitali ikifunga mashine ya kutibu saratani inahitaji leseni, mgodi wenye kifaa cha kupimia kinachotumia siziamu-137 (kitu kinachotoa mionzi) unahitaji leseni, hao hao wa mabomba na iridiamu-192 yao (nayo inatoa mionzi, ndo wanayopigia picha) wanahitaji leseni, na kote huko lazima serikali iwe na mtu wa kwenda kukagua anayejua anachokiangalia, wakati huohuo wakongwe wanastaafu na vijana wa fizikia wanakimbilia kompyuta.

Mkaguzi akikosekana inakuwaje? Mwaka 1987 kule Goiânia, Brazil, chanzo cha mionzi chenye siziamu-137 kiliachwa kwenye kliniki iliyohama, waokota vyuma wakakichukua na kukipasua, watu 4 wakafariki ndani ya wiki chache na zaidi ya 100,000 ikabidi wapimwe. Ndo maana nakwambia hii kazi ni ya maana sana, naomba uichukulie hivyo.

Tuje kwenye hela. Wenzako hawajakosea sana, sekta binafsi mara nyingi inalipa zaidi, hasa radiografia ya viwandani (hiyo ya kupiga picha mabomba), ila ujue ni kazi za usiku, za kuhamahama, na mkataba unafuata mradi, mradi ukiisha na wewe umeisha. Serikalini unalipwa kwa ngazi, inapanda polepole, lakini kuna pensheni, likizo ya malipo, na mafunzo ambayo ukijilipia mwenyewe yatakufilisi. Hapo kwenye mafunzo ndo penyewe. Hata Marekani ofisi za majimbo zinalalamika miaka yote kwamba zinamfundisha mkaguzi, akishaiva anachukuliwa na serikali kuu au hospitali kwa mshahara mkubwa. Kwa ofisi ni hasara, kwa wewe mwajiriwa inaonyesha ujuzi huo unatafutwa. Huko huko kuna cheti cha bodi ya fizikia ya afya (fani ya kuwakinga watu na mionzi), mtihani wa sehemu mbili na uzoefu wa miaka juu yake, na mwenye nacho anakaa vizuri zaidi kwenye meza ya mshahara. Kwahiyo kwenye usaili uliza kabisa, mafunzo na mitihani ya vyeti mnalipia nyie au mimi?

Kitu kingine, usidanganywe kwamba unalipwa kwa sababu unaungua na mionzi. Kiwango cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka ndani ya miaka 5, na mwaka wowote isizidi 50, na mkaguzi anayefuata taratibu kwa kawaida yuko chini sana ya hapo. Ofisi isiyokupa dosimita (kifaa unachovaa kupima mionzi uliyopata) na kukuonyesha majibu yako hiyo ikatae, hata ilipe vipi.

La mwisho ni ngazi ya kuanzia, maana hiyo ndo itakufuata miaka na miaka, nyongeza zote zinajengwa juu yake. Kama una masters au ulishafanya kazi hospitali kwenye mionzi, peleka vyeti na barua mapema wakuhesabie. Barua ya ajira ikija soma ngazi kabla hujasaini, ukikuta wamekuweka chini ya elimu yako waandikie siku hiyohiyo, ukishaanza kazi kurekebisha ni shughuli ndefu.