Jibu: Sokwe badala ya Fisi, darasa la pili

Habari za Ujiji, mwalimu. Umeuliza kama unaweza kumtoa Fisi kwenye hadithi zako ukamweka sokwe, kwa kuwa Gombe, hifadhi yenye sokwe, iko karibu, na watoto wako hawajawahi kumwona fisi.

Mweke sokwe, ila tafadhali usimvalishe ulafi wa Fisi. Fisi wa hadithi, watoto wanamjua tangu kwa bibi zao: mlafi, ana pupa, hajifunzi. Sokwe mpe kazi anazozifanya kweli. Mwaka 1960 mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimwona sokwe wa Gombe akichomeka unyasi kwenye kichuguu, akauchomoa umejaa mchwa, akala. Hapo una hadithi nzima! Fisi anachimba kichuguu kwa kucha, vumbi linamjaa machoni. Sokwe amekaa pembeni na unyasi wake, anashiba taratibu. Jioni sokwe anapanda mtini, anakunja matawi na kutandika kitanda chake. Fisi bado anachimba. Kwa hiyo hata Fisi huna haja ya kumtoa.

Mpe Fisi kibwagizo, mfano "Nina njaa, nina haraka!", kirudi kila ukurasa. Mwanangu alikuwa anasitasita kusoma. Kibwagizo kilipokuja mara ya tatu alikisoma mwenyewe kabla yangu. Nilifurahi mno.

Na mchoraji wako asimchore sokwe na mkia. Mwenye mkia ni nyani.

Ukimaliza ukurasa wa kwanza uweke hapa, nitawasomea wanangu usiku.