Barua kwa mwanangu: sukari imeshuka, mishipa je?

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza: mamdogo wako mwenye kisukari akijitoboa kidole asubuhi anapata 6, kipimo kizuri, mbona daktari bado anahangaika na macho na miguu yake? Kile kipimo cha kidole kinasema sukari ya saa ile tu. Ya miaka iliyopita hakiijui.

Sukari ikizidi kwenye damu, glukosi, ndiyo sukari yenyewe ya damu, hunata yenyewe tu kwenye protini za mwili, bila kimeng'enya cha kuisukuma. Mfaransa Louis Camille Maillard aliieleza kemia hii mwaka 1912, na ndiyo hiyo hiyo inayolipa andazi rangi ya kahawia. Mwilini huenda taratibu. Mwanzoni glukosi yaweza kubanduka; ikikaa sana, protini imeharibika moja kwa moja.

Sasa angalia umri wa protini. Himoglobini, protini nyekundu ya damu, huishi kama siku 120, kisha inakuja mpya, ndiyo maana HbA1c, kipimo cha himoglobini iliyonatwa na sukari, ile damu ya chupa ya kifuniko cha zambarau tuliyokuwa tukiipima maabara, husoma miezi miwili mitatu iliyopita. (Aliyeiona kwa wagonjwa wa kisukari ni Samuel Rahbar, kule Tehran, mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu wa maabara hatutajwi, acha nimtaje.)

Lakini kolajeni, protini ya nyuzi inayoshikilia ukuta wa mshipa, hukaa miaka. Nyuzi zake zikishanatwa na sukari hufungana zenyewe kwa zenyewe, mshipa unakakamaa, hautanuki moyo unaposukuma. Tena protini hizo mbovu huzichokoza seli za ndani ya mshipa, uvimbe unaanza, kolesteroli mbaya inanasa ukutani. Mishipa mikubwa, hata ya miguu, huziba kidogo kidogo. Ile midogo ya jicho huvuja.

Utafiti wa UKPDS wa Uingereza uliwafuatilia watu wa kisukari aina ya pili, kama mamdogo. Waliobanwa sukari mapema walikuwa na nafuu hata miaka 10 baada ya jaribio kwisha, ingawa HbA1c zao zilishalingana na za wenzao. Protini zilizoharibika si sababu pekee, lakini zimo. Dawa za kukata vifungo vya nyuzi zile za kolajeni zilijaribiwa, hazijafika kliniki.

Basi usimwambie apumzike kwenda kliniki. Akienda avue viatu na soksi. Wasipomgusa miguu, asitoke, adai.

Mama yako