Kabla hujafunga lile dirisha: kwa wanaoanza kuhudumia kompyuta za ofisi wakiwa mbali

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilijifungia nje ya seva ya tawi letu la Songea, nikiwa Dar es Salaam. Ilikuwa Ijumaa jioni. Nilikuwa nimeingia kwa SSH, njia ya kuiamuru kompyuta ya mbali kwa maandishi, nikawasha faiawoli, yaani kizuizi cha wanaoingia kutoka mtandaoni, kwa amri ya ufw. Mashine yenyewe ilinionya kwamba amri hiyo huenda ikavuruga miunganisho ya SSH iliyopo, ikaniuliza kama niendelee. Nikabonyeza y. Wala halikutokea lolote: dirisha liliendelea kujibu, nikajaribu amri mbili tatu, nikaridhika, nikafunga laptopu nikaenda kula chipsi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba faiawoli humwacha aliyekwisha kuingia amalize mazungumzo yake, ila humzuia anayekuja kubisha hodi upya. Nilipofunga lile dirisha nikawa mgeni wa nje kama watu wengine wote wa intaneti, na poti 22, mlango ambao SSH huingilia, sikuwa nimeiruhusu.

Jumamosi nikampigia dada wa mapokezi. Akachomeka skrini na kibodi kwenye seva, tukaanza kusomeana amri kwa simu. “Weka 22, halafu mkwaju, halafu tcp.” “Mkwaju? Huu wa juisi?” Nilimaanisha alama ya /. Tulipofika kwenye neno la siri akaniambia, “Kaka, kibodi imekufa, haiandiki kitu.” Haikuwa imekufa. Linux, mfumo wa ile seva, kwa kawaida haionyeshi herufi wala nyota unapoandika neno la siri, na mimi sikuwa nimemtahadharisha. Dakika arobaini kwa mstari mmoja, kisha ikabidi nibadilishe lile neno la siri maana nilikuwa nimelitangaza kwenye kipaza sauti cha simu mbele ya wateja.

Basi, mdogo wangu, ukigusa chochote kinachohusu mlango ulioingilia, yaani faiawoli, anwani ya IP, rauta au SSH yenyewe, usifunge dirisha la kwanza. Fungua la pili, ingia upya kama mtu mpya. Likikubali, ndipo ufunge la kwanza.

Na kabla ya kugusa, tega saa. Rauta za Cisco zina amri ya reload in 10: usipoifuta, baada ya dakika kumi rauta inajiwasha upya na kurudi kwenye mipangilio iliyohifadhiwa, alimradi hujahifadhi hiyo mipya. MikroTik, ambazo utazikuta ofisi nyingi huku kwetu, zina Safe Mode: unabonyeza Ctrl na X, na muunganisho ukikatika kabla hujaifunga, mabadiliko yanafutwa yenyewe. Kwenye Linux mimi hutumia at, amri ya kupanga kazi ya baadaye, kuamuru faiawoli ijizime baada ya dakika kumi. Nikifanikiwa kuingia tena, naifuta ile amri. Nikishindwa, nangoja. Kungoja dakika kumi si sawa na kungoja basi la Songea.

Lipo kosa jingine dogo ambalo kila mgeni hulifanya mara moja: kuzima kompyuta ya mbali badala ya kuiwasha upya. Ukishaizima, nani ataibonyeza? Na umeme wetu mnaujua. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, ya kila mashine unayotegemea kuifikia, tafuta kipengele kinachosema ifanye nini umeme ukirudi, uiambie iwake. Zima pia usingizi (Sleep) wa Windows. Kazi hii unaifanya mara moja tu, ukiwa ofisini, na itakuokoa kuliko programu yoyote ya kununua.

Sasa VPN, ile njia ya faragha ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo simu nyingi zinapotoka. Mtu anakwambia VPN imeunganika, alama ni ya kijani, lakini seva ya mafaili haionekani. Kabla ya kulaumu mtandao, muulize anwani ya IP ya kompyuta yake pale nyumbani. Mara nyingi utakuta za nyumbani zinaanza na 192.168.1 na za ofisini nazo 192.168.1, kwa sababu rauta nyingi hutoka kiwandani zikiwa hivyo. Ni kama kumtuma mtoto nyumba namba 10 wakati mtaani kwenu nayo ipo namba 10: ataenda ya jirani, hatavuka barabara. Kompyuta inaitafuta seva sebuleni. Ukipata nafasi ya kupanga mtandao wa ofisi mpya, chagua kitu kisicho cha kawaida, mfano 10.47.12, na utalala usingizi.

Tawi linalotumia rauta ya laini ya simu lina shida yake. Kampuni za simu kwa kawaida huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo huwezi kulibishia hodi tawi hilo kutoka nje. Ukiona anwani ya rauta upande wa nje iko kati ya 100.64 na 100.127, usipoteze siku nzima kufungua poti. Lifanye tawi lenyewe lianze kupiga simu makao makuu, yaani VPN ifunguliwe kutoka upande wake. Kwa WireGuard, mojawapo ya programu za VPN, weka PersistentKeepalive 25, ili kila sekunde 25 litume salamu na njia isizibe.

Remote Desktop ya Windows, inayokuonyesha skrini ya kompyuta ya mbali uiendeshe, usiifungue moja kwa moja kwenye intaneti, hata kwa siku moja. Kubadilisha poti yake ya 3389 kuwa namba nyingine hakumfichi mtu; wanaotafuta milango hutafuta yote. Mei 2019 ulipogundulika udhaifu wake uitwao BlueKeep, Microsoft ilitoa marekebisho hadi ya Windows XP, mfumo iliokuwa imeshauacha tangu 2014. Ujue uzito wake. Ukitaka kujionea, fungua kumbukumbu za usalama za seva iliyo wazi, tafuta tukio namba 4625, yaani jaribio la kuingia lililoshindwa, uhesabu majaribio ya usiku mmoja.

Kwa walioko Tanzania: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba wanaohitaji VPN kwa shughuli zao watoe taarifa. Muulize bosi wako kama ofisi ilishafanya hivyo. Usidhani.

Intaneti ikichechemea, kama Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, acha skrini yenye picha, rudi kwenye SSH. Maandishi hayali bando. Anza kila kazi ndefu ndani ya tmux, programu inayolishikilia dirisha lako kwenye seva yenyewe, ili muunganisho ukikatika kazi iendelee kule kule na wewe uikute ulipoiacha.

Na ukichukua skrini ya mtu, piga hodi kwanza. Niliwahi kuingia kwenye kompyuta ya mhasibu bila kumwambia, nikaikuta orodha ya mishahara iko wazi, na jina langu likiwa mstari wa tatu kutoka chini. Yeye aliona kishale kinatembea chenyewe, akachomoa waya wa umeme.